Kufuta Apu Si Kufunga Deni



Kuna maneno mawili yanazunguka kutoka Kondele hadi Dunga. La kwanza: "Futa apu, tupa laini, imeisha." La pili: "Usiache kukopa, limiti itashuka na alama zako za CRB zitaharibika." Yote mawili yanakudanganya, na yote yanakuacha ndani ya riba.

Deni limeandikwa kwa jina lako na nambari ya kitambulisho, si kwa simu. Ukikwama, deni la kuanzia shilingi 1,000 linaweza kupelekwa CRB. Hata ukilipa baadaye, ile rekodi ya kuchelewa inabaki miaka 5. Halafu siku unaitwa kazi, mwajiri anataka cheti cha CRB, unajikuta umefungiwa mlango kwa sababu ya pesa ya unga.

Na limiti je? Kweli, ukiacha kukopa inaweza kushuka. Lakini limiti ni ya mkopeshaji, inakuonyesha tu atakubali kukukopesha riba kiasi gani. Kushuka si kuorodheshwa. Ukilipa kwa wakati ukaondoka, hata huko kulipa kwako kumeandikwa. Mwajiri anaangalia kama una deni lililokwama, haangalii kama unakopa kila wiki.

Kwa hivyo ondoka, lakini ondoka vizuri:

1. Lipa mpaka salio la deni lisome sufuri, ndipo ujiondoe. Fuliza, kwa mfano, haikuruhusu kujitoa ukiwa bado unadaiwa.

2. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inatuamuru kuandika deni. Basi na mwisho wake pia uandikwe.

3. Chukua ripoti yako kutoka Metropol, TransUnion au Creditinfo. Una haki ya moja ya bure kila mwaka. Ukiona kosa, lipinge.

4. Wakikutukana au kupigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza. Hifadhi ujumbe, peleka malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kuwa na deni hakukuondolei haki zako.

Sasa tuseme ukweli: kuna kijana anataka kutoka na hana kitu. Huyo tusimhubirie tu. At-Tawba 60 inataja wenye madeni kati ya makundi 8 yanayostahili zaka. Ijumaa hii, baada ya swala, muulizeni imamu na kamati ya msikiti wenu: fungu la wenye madeni liko wapi, na kijana wa Nyalenda au Obunga anaomba vipi? Kama hakuna utaratibu, jitoleeni muuanzishe.