Ng'ambo ya Mto ni wapi?

Ukifika nyumbani baada ya ibada ya leo, fungua kitabu cha Ezra. Kuanzia sura ya 4 mstari wa 8 hadi sura ya 6 mstari wa 18, lugha ya asili si Kiebrania bali Kiaramu, lugha ya ofisi za serikali ya Uajemi. Humo utakutana mara nyingi na maneno "ng'ambo ya Mto". Kwa Kiaramu ni abar-nahara. Nahara ni mto, na mto wenyewe ni Frati. Kwa ukubwa wake haukuhitaji kutajwa jina.

Lakini ng'ambo ya nani? Katika Yoshua 24, ng'ambo ya Mto ni mashariki, alikotoka Abrahamu, kwa sababu msemaji amesimama Kanaani. Katika barua za Ezra mambo yamegeuka. Anayetazama ameketi Uajemi, na ng'ambo sasa ni Shamu, Samaria na Yerusalemu yenyewe. Mji aliouchagua Mungu umekuwa upande wa pili, eneo la kutozwa kodi.

Wazanzibari hawahitaji mwalimu hapa. Upande wa Ng'ambo ulipewa jina hilo na waliokaa Mji Mkongwe, enzi ambazo mkono wa bahari ulitenganisha pande hizo mbili. Aliyezaliwa Ng'ambo, kwake ng'ambo ni wapi?

Pengine hata wewe unaitwa kwa jina walilokupa walio mbali nawe: mtu wa pembezoni, wa kule, wa sharika ndogo. Ukilisikia mara nyingi, unaanza kukaa viti vya nyuma.

Soma basi sura ya 5 polepole. Liwali wa ng'ambo ya Mto, Tatenai, anafika penye ujenzi wa Hekalu. Anauliza ni nani aliyewaruhusu, na anataka majina yao ayapeleke kwa mfalme. Wazee wa Wayahudi hawajiiti watu wa ng'ambo. Wanajibu kwamba wao ni watumishi wa Mungu wa mbingu na nchi. Kwangu mimi, huo ndio mstari mzito kuliko yote katika barua hizo, maana unatoka kwa watu wasio na mfalme wala jeshi.

Jibu la mfalme Dario liko sura ya 6 mstari wa 8: gharama zao zilipwe kwa mali ya mfalme, kutoka kodi ya ng'ambo hiyohiyo.