Kiwanja cha mwisho kisiwe paseli: tutengeneze bustani ya watu wote

Vijana wenzetu, baba na mama zetu, bana Lubumbashi wote,

Mu kartiye moja ya muji huu kulibakia kiwanja kimoja tu ambacho hakijajengwa. Jina lake hatuliandiki leo, juu mazungumuzo na wakubwa wa pale hayajaisha. Asubui watoto wanapita mule wakienda masomo, mangaribi vijana wanapiga mupira, siku ya yenga wamama wa kanisa wanafanya mazoezi ya nyimbo. Tangu majuma machache watu wanakuja na mita ya kupimia na mawe ya mipaka. Sisi wote tunajua ile dalili. Yanaanza mawe, yanafuata matofali, kisha ukuta, kisha geti ya chuma, na mutoto anabaki kucheza pembeni ya barabara, kati ya mataksi na mapikipiki.

Tunapinga ule ugawaji. Lakini kukataa peke yake haitoshi, na njo sababu tunaandika. Kiwanja kisicho na kazi iliyoandikwa wanakiita "mahali patupu", na mu muji huu mahali patupu pana bei. Mahali penye miti, viti, michezo na watu wanaojulikana ni kazi ngumu kupauza. Basi tunaleta mupango: bustani ya kartiye, yenye kiwanja cha michezo, kwa ajili ya mutoto wa miaka miwili mupaka muzee wa miaka themanini.

Kuna wale watauliza: vijana hawana kazi, bei ya unga inapanda, umeme unakatika, na ninyi munaongea bustani? Tunajibu bila hasira. Wengi kati yetu tuko na diplome na tunashinda nyumbani, kwa hiyo ukosefu wa kazi tunaujua kuliko wale wanaotuuliza. Lakini mutu asiye na kazi anakaa wapi kutwa? Kwenye nganda, ambako lazima anunue chupa ili apewe kiti. Mwenye pesa ana jardin nyuma ya ukuta wake. Bustani ya wote inamuhusu kwanza yule asiye na kitu.

Tukumbuke pia vile muji wetu ulichorwa. Élisabethville ilianzishwa 1910 na wakoloni, na waliacha ukanda wa katikati ili kutenga muji wa wazungu na cité ya weusi. Upande mumoja walipanda miti na kuacha nafasi kubwa. Upande wa pili walipima paseli ndogo ndogo kwa mustari. Ukoloni uliisha 1960, lakini tembea leo kutoka katikati ya muji mupaka Katuba ao Kenya mu jua la Oktoba, wakati mijakaranda inachanua kule juu: utasikia kwa kichwa chako mahali kivuli kinaishia. Sisi wenyewe tumeendelea kugawa, na tunagawa mupaka kile kidogo ambacho mukoloni alisahau kugawa.

Sasa, bustani ya watu wote inafanana je?

Inaanza na njia. Muzee mwenye fimbo, mama mwenye mutoto mugongoni, na mulemavu anayesukuma kinga yake ya miguu mitatu kwa mikono, wote wanapaswa kuingia kwa mulango mumoja, bila ngazi, bila mutaro wazi. Kigari kinahitaji mita 1.5 ili kigeuke. Kinga ya mikono ni pana zaidi, tuweke mita 2. Mahali pa kupanda, kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu tuache sentimita 12 za urefu. Mutu asisukumwe kama muzigo, apande mwenyewe.

Watoto wadogo wawekwe mbali na mupira wa wakubwa, na karibu na viti, ili mama aone mutoto wake bila kusimama. Chini ya bembea tusitie sima. Mchanga wenye kina cha sentimita 30 unapunguza sana maumivu ya mutoto anayeanguka. Bembea moja iwe na kiti chenye mugongo na mukanda, kwa mutoto asiyeweza kujishika. Yule mutoto sasa anafichwa nyumbani, na wenzake wanakua bila kujua kama yuko.

Wasichana, tuseme wazi. Kiwanja kikiwa kimoja, vijana wa mupira wanakikamata chote, na dada zetu wanabaki pembeni kuangalia. Haitokei kwetu tu: mu Vienna, miaka ya 1990, walichunguza bustani zao na kuona kama wasichana wakipita miaka tisa hivi wanaanza kupotea mule. Walipogawa nafasi upya na kuongeza michezo mingine, wasichana walirudi. Kwetu tuweke uwanja wa nzango wenye mistari yake, usiotegemea ruhusa ya wenye mupira. Tuweke taa, na miti ya shina refu pasipo vichaka vya kujificha, ili binti apite saa kumi na mbili bila woga.

Wazee wapewe viti vyenye mugongo na mikono ya kushika wakati wa kusimama, na meza za sima zilizochorwa dame na kisolo. Mutoto anayekaa karibu na meza ile atajifunza mambo ambayo telefone haimufundishi.

Kivuli hakiko pambo. Tunaishi mu inchi ya miombo, na misitu ya kandokando ya muji tumeigeuza makala. Turudishe miti ya kwetu pamoja na miembe, na tusisahau maji: bomba moja, na choo kinachosafishwa. Bila choo, wanawake na wazee hawatakaa zaidi ya nusu saa.

Kuna jambo moja ambalo ni la kwetu, na hatutakubali wapite juu yake: udongo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911. Kwa miaka makumi moshi wake ulishusha shaba, risasi na vyuma vingine juu ya kartiye za upande wa upepo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza udongo wa Penga-Penga na kujaribu kuufunika kwa majani yanayovumilia shaba. Risasi hii, si ile ya bunduki, inaharibu ubongo wa mutoto polepole, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mu damu kinachojulikana kuwa salama. Mutoto anacheza chini na anatia mikono kinywani. Basi kabla ya bembea ya kwanza, udongo upimwe. Ukionekana muchafu, ufunikwe kwa udongo safi na majani, ao mahali pa watoto pahamishwe. Kuchora bustani mu Lubumbashi bila kupima udongo ni kucheza na damu ya watoto.

Pesa itatoka wapi? Tuangalie mufano. Kisha vita kuu ya pili, Amsterdam ilikuwa na watoto wengi na pesa kidogo. Kuanzia 1947, muchoraji Aldo van Eyck alitengeneza zaidi ya viwanja 700 vya michezo, mingi kwenye vipande vidogo vilivyobaki wazi: shimo la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kupandia. Vitu rahisi. Na mara nyingi ilianza na barua ya wakaaji walioomba kiwanja mu kartiye yao. Barua tunajua kuandika. Vyuma, muji wa shaba hauvikosi, na basuderi wanaotengeneza mageti ya matajiri wanaweza kutengeneza bembea. Kati yetu kuko waliosoma kilimo, ujenzi, elimu ya jamii. Watumwe kazi, na walipwe.

Na kisha ya kufungua? Bustani nyingi zinakufa mwaka wa pili juu hakuna mwenye kuzichunga. Tunaomba komite ya watu wa kartiye, nusu wanawake, na ndani yake mulemavu mumoja na kijana mumoja angalau. Zamu wa usiku mwenye mushahara. Na wamama wachache wenye kibali cha kuuzisha maji na matunda, ambao jicho lao litakuwa ulinzi wa muchana. Kuingia kuwe bule. Salongo ni muzuri, lakini salongo haibadili jukumu la komini.

Sheria iko upande wetu. Katiba, fungu la 42, inalazimisha wakubwa kulinda maendeleo ya vijana. Fungu la 49 linawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa njia ya pekee. Fungu la 53 linampa kila mutu haki ya mazingira safi. Sheria ya 3 Mei 2022 inahusu haki za walemavu. Na sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema kama mali ya Leta iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kuuzwa, maadamu haijaondolewa rasmi mu matumizi yale. Kila kitu kinasimama juu ya karatasi moja.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Kazi ya kupima paseli isimame maramoja, na mawe ya mipaka yaondolewe.
2. Kiwanja kiandikwe rasmi kuwa mali ya watu wote, na nakala ya karatasi ibandikwe ku mulango wa komini.
3. Udongo upimwe, na matokeo yasomwe mbele ya wakaaji, kwa Kiswahili.
4. Mupango uchorwe pamoja na wamama, wazee, walemavu na watoto wenyewe, si mu ofisi peke yake.
5. Washauri wa komini waliopigiwa kura 20 Desemba 2023 waweke bustani hii mu bajeti, na waseme wazi ni franga ngapi.

Na wewe unayesoma, usitume tu "like". Uliza muzee wa avenii yako: kiwanja cha kwetu kilikuwa wapi, na ni nani amejenga pale leo? Kama kimoja kimebaki, kipige picha, kipime kwa hatua zako, andika majina ya wanaokitumia, na utuletee. Mvua inakaza kuanzia Novemba. Tunataka miche iwe ndani ya udongo mbele ya matofali kufika.

Kiwanja ni chetu sote. Tukilinde.