SAA ZA NJIANI AZIHESABU NANI?



Mara nyingi katika karatasi hii tumewakemea wanachama wasiokuja mkutanoni. Tumesema ni wavivu. Tumesema wanapenda nyongeza ya mshahara lakini hawapendi kuitafuta, na kwamba mkutano ukiitwa jioni viti huwa vingi kuliko watu. Leo twataka kuyarudisha maneno hayo. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tuandikao karatasi hii twakaa kisiwani, hatua chache kutoka ofisi ya tawi. Wiki iliyopita tulifuatana na wenzetu wa Likoni kutoka kazini Changamwe mpaka milangoni kwao, na tuliyoyaona ndiyo haya.

Honi ililia saa kumi na moja. Tulidhani kazi imekwisha, kumbe bado. Kwanza kuna mstari wa kupekuliwa langoni. Mtu aliyebeba magunia tangu asubuhi husimama hapo kama mshitakiwa, mikono juu, akingoja zamu yake. Dakika ishirini zikaliwa pale, na dakika hizo haziandikwi katika kadi ya mtu yeyote.

Nje ya lango makanga wanaita, "Feri! Feri!" Nauli ya jioni si nauli ya asubuhi, na wingu likionekana hupanda tena. Tuliingia matatu tukakaa kimya. Asubuhi watu huzungumza mpira na siasa, lakini jioni hakuna aliye na neno. Mwenzetu mmoja alilaza kichwa kwenye kioo akasinzia, vumbi la simiti lingali kwenye nyusi zake. Kijana mwingine alizihesabu sarafu zake mara tatu. Alitenga nauli ya gari hili, akatenga nauli ya gari la ng'ambo, kisha akaitazama iliyobaki kwa muda mrefu kama anayesoma barua.

Mtu akiwa amechoka na gari halitembei, macho hufanya kazi yake yenyewe. Tulihesabu malori yenye makontena mpaka tukachoka kuhesabu. Pale Makupa tulitazama chini ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022. Miaka mingi palikuwa na tuta lililoziba maji ya bahari, na sasa maji hupita upande huu na upande ule. Tukasema moyoni, hata maji yamekumbukwa.

Tulipofika Feri tuliteremka kwa miguu pamoja na umati, tukasimama bandani. Mama mmoja aliuza viazi karai na mahamri. Wanaume wengi walinunua mahamri mawili matatu wakayafunga katika gazeti, wasiyaonje, na tulijua yanakwenda kwa nani. Mkondo wa Likoni si mpana, na mtu aliye ng'ambo waweza kumwona akitembea. Lakini jioni ile feri haikuondoka upesi, maana meli kubwa ilikuwa yaingia Kilindini, na meli ikipita feri hungoja. Mzee mmoja, kuli wa siku nyingi, akasema, "Itazameni vizuri. Leo twaipisha, kesho twaipakua." Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza.

Kwa mtu wa miguu kivuko hicho ni bure, na twashukuru. Lakini wakati wa kungoja si bure. Na mtu wa pwani asimamapo katika feri iliyojaa hukumbuka mambo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iitwayo Mtongwe, iliyojaza watu kupita kiasi, ilipinduka asubuhi karibu na ng'ambo hiyo hiyo, na watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini na katika shughuli zao za kila siku. Hawakufia kiwandani wala gatini. Walifia njiani.

Tulipanda gari la pili, tukashuka, tukatembea gizani. Mwenzetu tuliyemfuata alifungua mlango wake saa moja na dakika hamsini. Watoto wawili walikuwa wamelala. Aliweka mahamri mezani akasema, "Hawa hunijua siku ya Jumapili tu." Saa kumi ya alfajiri huamka tena.

Sasa ndugu, tufanye hesabu. Amri ya serikali ya mishahara ya jumla huweka saa 52 za kazi kwa wiki, katika siku sita. Jioni ile, tangu honi mpaka mlangoni, zilipita karibu saa tatu. Lakini tusitie chumvi. Tuseme safari ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Hizo ni saa tatu kwa siku, na saa 18 kwa wiki. Saa 52 na saa 18 ni saa 70. Basi mtu huyu hutoa saa 70 za maisha yake kwa ajili ya kazi, naye hulipwa 52. Juu ya hayo, nauli ya hizo saa 18 hulipa yeye mwenyewe. Na mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemwita mvivu kwa sababu hakukaa mkutanoni mpaka saa moja ya usiku!

Wako watakaosema: tajiri hakumwambia mtu akae Likoni. Twawajibu kwa sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, au amlipe fedha za kutosha za kodi ya nyumba juu ya mshahara wake. Litazameni neno hilo "karibu", na neno hilo "za kutosha". Waliotunga sheria walijua kwamba mtu na kazi yake hawafai kutengwa mbali. Mtu akikaa mbali kwa sababu fedha ya nyumba apewayo haipati chumba karibu, umbali ule si mapenzi yake.

Liko na jambo la pili, ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, katika kifungu cha 10 yasema hivi: mfanya kazi akichukuliwa bure kwenda kazini au kurudi, katika gari lililowekwa na mwajiri kwa safari hiyo na kuendeshwa na mwajiri au mtu wake, safari hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Akiumia humo, ameumia kazini. Lakini aliyelipa nauli yake katika matatu, au anayetembea kando ya barabara usiku, kifungu hicho hakimfuniki. Kwa hiyo gari la kazini si starehe tu. Ni ulinzi wa mtu na wa watoto wake.

Na tusisahau jinsi umoja wetu ulivyoanza hapa. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, wa bandari, wa reli na wengineo, na kila siku walikusanyika katika kiwanja cha Majengo kilichoitwa Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo nguvu ya African Workers' Federation na Chege Kibachia ilipoonekana. Majengo ni hapa kisiwani. Wengi waliweza kufika kwa miguu na kurudi kwao kwa miguu. Leo maskini wametawanywa huku na huku, na kila mmoja hukimbilia gari lake honi ikilia. Watu wasiopata nafasi ya kukaa pamoja hawawezi kunena pamoja. Njia ndefu yatula saa zetu, na yaula umoja wetu pia.

Basi twapendekeza mambo matatu. La kwanza latuhusu sisi viongozi: mikutano ya jioni ofisini ipunguzwe. Tukutane saa ya chakula penye kazi, na mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, tukutane Likoni. Kamati na ivuke bahari kama wanachama wanavyovuka. La pili lawahusu ninyi: kwa wiki moja kila mwanachama aandike saa aliyotoka nyumbani, saa honi ilipolia, saa aliyofika mlangoni na nauli aliyolipa, kisha ampe mjumbe wake karatasi hiyo. Tajiri huja mezani na makaratasi yake, nasi tuje na yetu. La tatu ni la mezani: katika mapatano yajayo tudai gari kwa watokao kazini usiku, fedha ya nyumba ipatayo chumba kweli, na dakika za kupekuliwa langoni zihesabiwe kuwa kazi.

Na wewe ndugu usomaye haya ukiwa umebanwa bandani Feri, tuwie radhi. Tulikulaumu bure. Jumapili tutakuja kwenu.

Umoja ni nguvu.