Baada ya Kengele ya Masomo

Kila muhula wa pili wa shule unapoanza, kambi zetu na kota za polisi hupokea barua za namna moja. Padre aliye mkuu wa shule, au sista, au mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo, humwarifu mzazi kwamba tarehe fulani kutakuwa na mashindano ya nyimbo na ngoma, tarehe nyingine michezo baina ya mabweni, na tarehe nyingine safari ya Namugongo. Kisha humwomba mzazi atoe kiasi fulani cha fedha na, ikimkinika, afike yeye mwenyewe. Barua hiyo huamsha manung'uniko mengi katika mabwalo yetu ya chakula. Askari husema: nimempeleka mtoto kusoma, sikumpeleka kucheza. Mwenzake huongeza kwamba karo imekwisha kula nusu ya mshahara, na kwamba hajapata kuona tarumbeta iliyompa mtu cheti.

Manung'uniko hayo hayafai kudharauliwa. Mshahara wa askari unajulikana, na mwenye kuutumia ana haki ya kuuliza unakokwenda. Lakini swali likiisha kuulizwa, hapana budi jibu nalo lisikilizwe, nasi twaona kwamba jibu lake lawahusu watu wa magwanda kuliko raia wengine.

Shule za Kikatoliki katika Uganda si changa. Namilyango ilianzishwa na mapadri wa Mill Hill mwaka 1902. St. Mary's, ambayo leo iko Kisubi, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1906. Namagunga ya wasichana ilianzishwa mwaka 1942 na Mama Kevin, sista wa Kifransisko kutoka Ireland, yule yule ambaye wakati wa Vita Kuu ya kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi pale Nsambya, wakati ambapo watu wachache walijali kwamba mpagazi naye ni mtu wa vita. Wenzetu wa polisi wanaokaa Nsambya hupita kila siku karibu na kazi ya mikono yake. Tangu miaka ya 1960 serikali ilichukua sehemu kubwa ya usimamizi wa shule za misheni, na Kanisa likabaki na heshima na wajibu wa mwanzilishi. Hata hivyo desturi za shule hizo hazikubadilika sana. Kengele ya masomo inapolia alasiri, siku haijakwisha. Kuna uwanja, kuna shamba, kuna kwaya, kuna skauti, kuna mdahalo, na usiku kuna saa ya kujisomea kimya.

Sisi tuliopita katika shule ya makadeti twaijua ratiba hiyo. Kuamka kabla ya jua, kutandika kitanda, usafi, gwaride, darasa, michezo, kimya. Vijana waliotoka katika mabweni ya misheni hawakushangazwa na filimbi ya alfajiri. Walioshangaa ni wale waliodhani kwamba akili hukaa kitabuni peke yake. Wala jambo hili si la ajabu, kwani hata uskauti, ambao umeenea katika shule hizi, ulianzishwa mwaka 1907 na afisa wa jeshi, Baden-Powell, aliyeona kwamba kijana aliyezoea kupanga kambi, kusoma ramani na kumtunza mwenzake ni hazina.

Yafaa pia kukumbusha kwamba huko Namugongo watoto wetu hawaendi kutalii. Mashahidi 22 wa Kikatoliki ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 walikuwa, wengi wao, vijana wa ikulu ya Kabaka, na wengi walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Kizito alikuwa mtoto wa umri wa shule. Na miongoni mwao alikuwamo Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliyeuawa Munyonyo siku chache kabla. Mkuu wa bendi, ndugu zangu! Askari anayesema kwamba muziki ni upuuzi wa shule na akumbuke hilo siku ambapo bendi ya polisi inampitishia mbele gwaride lake.

Tukiacha historia, twauliza: shughuli hizi zamfanyia nini mtoto? Kwaya yamfundisha kusikiliza sauti ya jirani kabla ya kutoa ya kwake. Mdahalo wamfundisha kusimama mbele ya mtu anayempinga, amjibu kwa hoja, kisha waende kula pamoja. Katika chama cha wanafunzi Wakristo vijana, ambacho kimo katika shule nyingi za misheni, watoto hufundishwa njia iliyotokana na padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn: tazama, pima, tenda. Afisa yeyote aliyewahi kufundishwa kutathmini hali ya uwanja wa mapambano ataitambua njia hiyo mara moja, ingawa pale shuleni adui anayetathminiwa huwa ni uchafu wa choo au ugomvi wa mabweni mawili.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote tutautafuta kwa majirani zetu. Kusini mwa Burundi, katika jimbo la Bururi, kuna seminari ndogo ya Buta, yaani shule ya sekondari ya Kanisa. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, nchi ile iliingia katika vita vya Wahutu na Watutsi, na shule nyingi zikagawanyika. Wanafunzi wakaogopana, wengine wakatoroka, wengine wakauana. Buta walikuwamo watoto wa makabila yote mawili. Mkuu wao, Padre Zacharie Bukuru, hakuwaficha habari za nchi wala hakuwaambia wanyamaze. Aliwaacha waseme, Wahutu na Watutsi, uso kwa uso, juu ya ndugu zao waliouawa. Pamoja na mazungumzo hayo akashikilia michezo, nyimbo, ngoma na kazi za mikono, wakizifanya bila kutengana. Mtu wa nje angeweza kusema kwamba huo ulikuwa wakati wa kufunga milango na kusoma, si wakati wa kupiga ngoma.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliivamia shule hiyo. Siku chache tu kabla yake wanafunzi walikuwa wametoka katika mafungo. Waasi waliingia bwenini wakaamuru Wahutu wakae upande wao na Watutsi upande wao. Vijana wale walikataa kutengana. Waliuawa 40.

Sisi ni watu wa kazi ya silaha, na twajua jinsi ilivyo vigumu kumfanya mtu asimkimbie mwenzake chini ya risasi. Hutumia miezi, tena hutumia vyakula, nyimbo, taabu na vicheko vya pamoja, hata kikosi kiwe kikosi. Vijana wale hawakuwa na bunduki, wala kiapo cha jeshi, wala mwalimu wa gwaride. Walikuwa na uwanja wa mpira, kwaya, meza moja na mabishano ya kweli. Askari anayetaka kujua fedha yake ya shughuli za shule inanunua nini, na aitazame Buta kabla ya kutia barua mfukoni.

Hatusemi kwamba ngoma na michezo ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1991, usiku wa tarehe 13 Julai, katika shule ya St. Kizito huko Meru, Kenya, wavulana waliwavamia wasichana wa shule ile ile. Wasichana 19 walikufa, na wengine 71 walinajisiwa. Chanzo kilichotajwa cha mgomo wa wavulana ni kwamba shule haikulipa ada ya kushiriki mashindano ya riadha, na wasichana walikataa kujiunga na mgomo huo. Basi tusidanganyane: michezo isiyo na mlezi mwenye macho, fedha za michezo zisizo na hesabu, na wavulana waliofundishwa kushinda bila kufundishwa kumheshimu msichana, ni hatari iliyovikwa jezi. Mzazi anayeuliza hesabu ya fedha anaisaidia shule. Vivyo hivyo mzazi Mwislamu au Mprotestanti, ambao ni wengi katika vikosi vyetu, ana haki ya kumwuliza mkuu wa shule mtoto wake atafanya nini wakati wenzake wako katika mafungo. Kwa kawaida hujibiwa vizuri; lakini asipouliza hajibiwi.

Sasa twageukia lililo letu zaidi, nalo ni ulinzi.

Tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya Uhuru wetu. Mwaka 1996, usiku wa kuamkia tarehe 10, waasi wa LRA wa Joseph Kony waliingia katika shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, iliyokuwa ikiendeshwa na masista wa Comboni. Usiku ule shule haikuwa na askari wa kuilinda. Waasi walivunja njia ya kuingilia bwenini, wakawafunga kamba wasichana 139 na kuwapeleka porini. Kulipokucha, sista aliyekuwa naibu mkuu wa shule, Rachele Fassera, pamoja na mwalimu mmoja, waliwafuata kwa miguu wakifuata nyayo. Hawakuwa na silaha. Waliwakuta, wakawasihi, na sista akarudi na wasichana 109. Thelathini walibakizwa. Baadhi yao walitoroka baada ya miaka mingi wakiwa na watoto mikononi, wa mwisho akirejea mwaka 2009. Wengine hawakurudi kamwe.

Kila askari kijana angefaa kusomewa habari hiyo kabla ya kupangiwa zamu, na asomewe hesabu yake pia: sista mmoja na mwalimu mmoja walirudisha 109, na pengo la ulinzi la usiku mmoja lilitosha kupoteza 139. Wala Aboke haikuwa ya mwisho. Mnamo Juni 1998 wanafunzi 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba walichomwa moto na waasi wa ADF, na Juni 2023 waasi hao hao waliua zaidi ya watu 40 huko Mpondwe, wengi wao wanafunzi katika mabweni yao. Hizo hazikuwa shule za Kikatoliki, lakini bweni ni bweni.

Adui husoma kalenda. Ajua sikukuu, ajua siku ya wazazi ambapo lango liko wazi na wageni hawahesabiwi, ajua usiku wa baada ya tamasha, watoto wakiwa wamechoka na mlinzi amekula akashiba. Tangu milipuko ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, iliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama mpira, polisi wetu wamejifunza kupekua watu Namugongo kila tarehe 3 Juni, nao huifanya kazi hiyo kwa subira ya kupigiwa mfano. Lakini Namugongo ina magari ya wakubwa na kamera za televisheni. Shule ya misheni iliyo mbali na barabara ya lami haina hata kimoja. Huko ndiko kamanda wa kikosi na mkuu wa kituo wanakotakiwa kufika bila kuitwa, waonane na mkuu wa shule mwanzoni mwa muhula, wachukue ratiba yake ya shughuli, na waitie katika mpango wa doria pamoja na sikukuu za taifa.

Neno moja kwa askari wa barabarani. Mashindano ya nyimbo mara nyingi huisha jioni, na watoto hurudishwa usiku ndani ya malori, wamesimama, wakiimba, dereva akiwa macho tangu alfajiri. Gari la namna hiyo lisimamishwe. Lisisimamishwe kwa ajili ya chai. Lisimamishwe ili taa zitazamwe, breki zijaribiwe na watoto wahesabiwe, na ikiwa dereva amechoka, walale katika shule au parokia iliyo karibu. Mwalimu atakasirika. Na akasirike.

Na kwa wazazi wenye sare. Siku ya wazazi, mkuu wa kikosi akiweza kutoa ruhusa ya saa chache, aitoe, kwa maana mtoto wa askari amezoea kumwona baba au mama kwa nadra, naye huwatazama wazazi wa wenzake wakiingia langoni mmoja mmoja. Anayekwenda na aende na nguo safi. Bunduki ibaki kambini. Kuna watoto katika shule za kaskazini ambao hata leo, kwa yale waliyosimuliwa na mama zao, hawapendi kuiona ikipita karibu na bweni. Bendi za jeshi na polisi nazo zingeweza kupangiwa kutembelea shule mbili au tatu kila muhula, si kwa gwaride tu, bali kukaa na watoto alasiri moja na kuwaonyesha jinsi ya kutunza ala, kwani tarumbeta nyingi za misheni zimekwisha kuingia kutu kwa kukosa mtu wa kuzitengeneza.

Ratiba za muhula ziko tayari mezani kwa wakuu wa shule. Kuzipata kwahitaji askari mmoja mwenye baiskeli na karatasi ya kunakilia.