Cha Asili Nacho Hudhuru

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi kuhusu baridi yabisi ni ile isemayo kwamba mgonjwa anayeacha dawa za hospitali na kufuata Ayurveda, yaani mfumo wa kale wa tiba wa Bara Hindi, hana cha kupoteza, kwa kuwa cha asili hakidhuru. Imani hiyo ina makosa mawili, na la kwanza linakanushwa na Ayurveda yenyewe. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vyake vya msingi, hufundisha kwamba dawa ikitumiwa ovyo hugeuka sumu, na tawi la Ayurveda liitwalo rasashastra hutengeneza dawa kwa madini, zebaki na risasi zikiwemo. Si ajabu kwamba uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliopima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika eneo la Boston, ulikuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni kuichukua nafuu kuwa ni kupona. Baridi yabisi, ambayo ni tofauti na maumivu ya viungo yaletwayo na uzee, hutokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe na kushambulia utando wa ndani wa kiungo, ukavimba na kuanza kula gegedu, yaani lile tabaka laini linalozuia mifupa kusagana, na hatimaye mfupa wenyewe. Ayurveda huueleza ugonjwa unaofanana na huo, amavata, kuwa ni mabaki ya chakula kisichomeng'enywa yanayopelekwa kwenye viungo na vata, nguvu ya ubaridi na ukavu. Kwa hiyo huagiza kufunga, tangawizi, mafuta ya mbarika na kukandwa kwa joto. Maelezo hayo hayamshangazi Mswahili, kwani yabisi ni kavu, na jina la ugonjwa limebeba nadharia ya namna hiyo hiyo. Hata hivyo, ukakamavu wa asubuhi hulegea wenyewe kadiri siku inavyosonga, hivyo vidole vilivyoshindwa kufunga kifungo cha shati alfajiri vikikunjika adhuhuri, sifa huenda kwa mafuta yaliyopakwa, ilhali utando unaendelea kula mfupa chini kwa chini, na mfupa uliolika haurudi.

Watetezi hutaja jaribio la India lililochapishwa mwaka 2011, ambamo Ayurveda ilikaribiana na methotreksati, dawa ya hospitali ya baridi yabisi. Lakini lilihusu wagonjwa 43 tu, nao walikuwa chini ya uangalizi wa matabibu waliosomea kazi hiyo. Yoga, lishe bora na kuacha sigara vina nafasi yake kando ya methotreksati, si mahali pake. Dawa hiyo huogopwa kwa sababu hudai vipimo vya damu na ini, ilhali unga wa kichupa kisicho na maelezo huaminiwa kwa sababu tu hakuna aliyeupima.