Kikokotoo na nafuu ya kodi: Nani anafaidika, nani anabaki nje?

Na Mwandishi Wetu

KWA mwalimu wa Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, ambaye amebakiza miaka michache kufikisha umri wa miaka 60, mjadala wa kikokotoo cha mafao si suala la vikao vya Dodoma wala hotuba za Dar es Salaam. Ni suala la nyumba ambayo bado haijaezekwa, ada ya mtoto wa mwisho na shamba alilotarajia kulinunua siku atakapokabidhi chaki.

Kabanga ni mahali panapofaa kuutazama mjadala huu. Hapo kuna chuo cha ualimu cha Serikali, ambacho wafanyakazi wake ni watumishi wa umma. Ipo pia hospitali ya Kanisa Katoliki. Kuizunguka miji hiyo midogo ya Buha wapo wakulima wa maharage, mahindi na mihogo, ambao hawajawahi kuona hati ya mshahara. Makundi haya matatu yanauziana na kununuliana katika soko moja, lakini mbele ya sheria za kodi na hifadhi ya jamii yanasimama mahali tofauti kabisa.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: katika mabadiliko yote yaliyofanywa tangu mwaka 2018, ni nani hasa anayebebwa na Serikali katika kujiwekea akiba ya uzeeni, na ni nani anayeachwa ajibebe mwenyewe?

Safari ya kikokotoo

Itakumbukwa kuwa mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria iliyoiunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF na kuunda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). Mfuko wa NSSF ukabaki kwa ajili ya sekta binafsi na watu waliojiajiri. Kuunganishwa kwa mifuko hakukuzua kelele nyingi. Kelele zilikuja na kanuni zilizofuata, ambazo zilishusha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 50 kwa waliokuwa PSPF na LAPF hadi asilimia 25.

Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Desemba 28, 2018, Rais wa wakati huo, marehemu John Magufuli, alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko hiyo Ikulu, akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023.

Kipindi hicho hakikufika mwisho. Julai 1, 2022, kikokotoo kipya cha asilimia 33 kilianza kutumika baada ya majadiliano ya Serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri. Waziri aliyekuwa na dhamana ya kazi wakati huo alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kasulu Mjini. Kwa hiyo walimu wa Kabanga walilipokea jambo hilo kutoka kwa mwakilishi aliyetoka miongoni mwao.

Hata hivyo, manung'uniko hayakukoma. Juni 2024, akiwasilisha bajeti bungeni, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alitangaza kuwa mkupuo ungepanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 25.

Hesabu zinasemaje?

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtumishi ana wastani wa mshahara wa Sh 1,200,000 kwa mwezi na amechangia kwa miaka 30, yaani miezi 360.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, iliyogawa kwa 540, kutumia kizidisho cha 15.5 na kutoa nusu kwa mkupuo, mtumishi huyo angeondoka na Sh 74,400,000, na kila mwezi angelipwa pensheni ya Sh 400,000.

Kwa kanuni ya mwaka 2022, inayogawa kwa 580 na kutumia kizidisho cha 12.5, mkupuo unakuwa takriban Sh 36,869,000 na pensheni ya mwezi takriban Sh 499,000. Mkupuo ukipanda hadi asilimia 40, huku mambo mengine yakibaki vilevile, anapata takriban Sh 44,690,000 na pensheni inashuka hadi takriban Sh 446,900.

Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, nyongeza ya kutoka asilimia 33 hadi 40 si zawadi. Mstaafu anapokea Sh 7,820,000 zaidi siku ya kwanza, lakini anapoteza zaidi ya Sh 52,000 kila mwezi. Ukigawanya, utaona kuwa fedha hizo zinarudi zote baada ya miezi 150, sawa na miaka 12 na nusu. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 akivuka miaka 72 na nusu, kwa hesabu ya shilingi tupu, angekuwa amefaidika zaidi kubaki na asilimia 33.

La pili, waliolalamika mwaka 2018 hawakuwa wakilalamikia hewa. Ili tofauti ya mkupuo kati ya kanuni ya zamani na ya mwaka 2022 ifidiwe na nyongeza ya pensheni, mstaafu angepaswa kuishi zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu. Kilichobadilika hapo hakikuwa mgawanyo wa mkupuo na pensheni peke yake. Thamani ya fao lenyewe ilipungua.

Kwa upande mwingine, Serikali nayo ina hoja isiyopaswa kubezwa. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1952 unasisitiza malipo ya uzeeni yawe ya vipindi, na unaweka kiwango cha chini cha asilimia 40 ya mshahara kwa aliyechangia miaka 30. Katika mfano wetu, kanuni ya zamani ilimpa mstaafu theluthi moja tu ya mshahara wake kila mwezi. Asilimia 33 ya mkupuo inampa kiasi cha asilimia 41.6, na asilimia 40 inamrudisha kwenye asilimia 37. Mkupuo mnono humwacha mstaafu na mwezi mwembamba.

Kodi inavyoingia

Jambo linalosahaulika katika mjadala huu ni kwamba Serikali huchangia akiba ya uzeeni kwa njia nyingine isiyoonekana kirahisi: nafuu ya kodi. Mchango wa kisheria wa mfanyakazi huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Kodi ambayo Hazina haikuikusanya ni ruzuku, hata kama haiandikwi kwenye hati ya mshahara kwa jina hilo.

Ruzuku hiyo inagawanywaje? Katika PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 15. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyoanza Julai 2021, mtumishi wa kima cha chini cha Sh 500,000, kilichotangazwa Mei Mosi 2025, huokoa kodi ya Sh 2,000 kwa mwezi. Mwenye Sh 700,000 huokoa Sh 7,000. Mwenye Sh 3,000,000 huokoa Sh 45,000. Wa kwanza anabebwa kwa asilimia 0.4 ya mshahara wake, wa mwisho kwa asilimia 1.5. Anayehitaji kusaidiwa zaidi ndiye anayesaidiwa kidogo.

Na mkulima je? Hakatwi kodi ya mshahara, hivyo hana kodi ya kupunguziwa. Lakini halipi sifuri. Analipa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye bidhaa anazonunua dukani, na mazao yake hutozwa ushuru wa halmashauri, ambao bei ya shambani hubeba uzito wake hata anapolipa mnunuzi. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ilikuwa nafuu, lakini haikuambatana na uzee wake kwa namna yoyote. Akiamua leo kujiunga na NSSF kwa hiari, kila shilingi anayoweka imetoka mfukoni mwake yote.

Majirani zetu Kenya wamepita njia inayofanana. Muswada wao wa Fedha wa mwaka 2024, uliokuwa na pendekezo la kuongeza nafuu ya kodi kwa akiba ya pensheni, uliondolewa Juni mwaka huo baada ya maandamano. Desemba 2024 pendekezo hilo lilirudi katika sheria nyingine, na kiwango cha mchango usiotozwa kodi kikapanda kutoka Sh 20,000 za Kenya kwa mwezi hadi Sh 30,000. Huko nako swali ni lilelile: ni wafanyakazi wangapi wana uwezo wa kuweka akiba Sh 30,000 kila mwezi? Angalau Kenya wameweka kikomo kwa shilingi, si kwa asilimia ya mshahara, hivyo nafuu haipandi bila mwisho kadiri kipato kinavyopanda.

Imani ndiyo akiba

Juu ya yote hayo lipo suala la imani. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia. Serikali ndiyo iliyobeba wajibu wa mafao yao. Mfuko uliwalipa, deni likalimbikizwa, na hadi Desemba 2021 ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya Sh trilioni 2.17 kwa PSSSF. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini inamkumbusha mwalimu kwamba ugumu wa mifuko haukutokana na yeye kulipwa mno. Kwa sehemu kubwa ulitokana na mwajiri kuchelewa kulipa.

Nafuu ya kodi na kikokotoo ni pande mbili za mkataba mmoja. Serikali humwambia mfanyakazi: weka fedha hizi leo, sitazitoza kodi, nami nitahakikisha unazikuta uzeeni. Masharti ya mkataba huo yakibadilishwa mara tatu ndani ya miaka sita, 2018, 2022 na 2024, ni vigumu kumshawishi muuza maharage wa Kasulu ajiunge kwa hiari katika mfumo ambao walio ndani kwa lazima wanaulalamikia.

Mambo mawili yanaweza kufanyika bila kusubiri mabadiliko makubwa. La kwanza ni kumpa mstaafu nafasi ya kuchagua kiasi cha mkupuo ndani ya mipaka iliyowekwa, baada ya kuelezwa hesabu kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa afya na majukumu ya kila mmoja ni tofauti. La pili ni kuipeleka ruzuku ya akiba ya uzeeni pia kwa wasio na mshahara, kwa Serikali kuongeza kiasi fulani juu ya mchango wa mkulima anayejiunga kwa hiari, na kwa upande wa pili kuweka kikomo cha nafuu kwa wenye mishahara minono.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mwenye ghala hawezi kubadilisha pishi ya kupimia wakati mavuno yameshaingia. Hilo ndilo ambalo mwalimu wa Kabanga anahofia, na ndilo linalomfanya jirani yake mkulima asite kupeleka gunia lake kwenye ghala hilo.