Kadeti Anayetaka Kusoma Lugha

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ni kadeti wa mwaka wa pili katika chuo cha kijeshi cha West Point, jimbo la New York. Alitoka Uvira akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini, na leo ni raia wa Marekani. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti: “Yaya, weye ndiye wa mambo ya luga. Huku banataka nichague fani. Nichague nini?”

Kabla sijajibu, baba mdogo alikuwa amekwisha jibu: uhandisi. Kwa maoni yake mtu havuki bahari ili akasome lugha, kitu ambacho mdomo hukipata bure. Wenzangu wa kitivo hiki mnaijua sentensi hiyo. Nani kati yetu hakuisikia nyumbani siku ya kujiandikisha?

Mimi nimemwambia achague lugha. Naandika hapa kueleza kwa nini, kwa sababu najua baadhi ya walimu wangu hawatakubaliana nami, na si kwa sababu ileile ya baba mdogo.

Kwanza mtu aelewe jinsi mambo yanavyokwenda pale. Fani si kazi. Kadeti aliyesoma historia anaweza kuongoza kikosi cha vifaru, na aliyesoma kemia akaenda na askari wa miguu. Hata anayechagua Kifaransa halazimiki tu kusoma Kifaransa: anapita katika hisabati, fizikia na masomo kadhaa ya uhandisi, na mwishoni anapewa digrii ya sayansi kama wenzake wote. Kisha anadaiwa miaka mitano ya utumishi jeshini. Kwa hiyo hofu ya baba mdogo, kwamba kijana atatoka mikono mitupu, haina mguu wa kusimamia. Swali ni jingine: katika miaka minne ya kujazwa kila kitu, ni kitu gani kimoja atakichimba hadi chini?

La kushangaza ni kwamba katika chuo hicho lugha haikuja kama mapambo. Kilianzishwa mwaka 1802, na kwa muda mrefu kijana aliyeingia alikutana na mambo mawili makubwa, hisabati na Kifaransa. Sababu ilikuwa ya vitendo kabisa. Vitabu bora vya uhandisi wa ngome na madaraja vilikuwa vya Kifaransa. Sylvanus Thayer, aliyekiongoza chuo kuanzia 1817 hadi 1833, alikuwa amekwenda Ufaransa na kurudi na shehena ya vitabu, na mmoja wa walimu wa uhandisi, Claudius Crozet, alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la Napoléon. Basi huo uhandisi ambao baba mdogo anausifu uliingia Marekani ukiwa umepanda mgongo wa lugha. (Nilimtumia habari hii. Akajibu kwa alama ya kidole gumba, sijui kwa maana gani.)

Baadaye orodha iliongezeka. Kihispania kilikuja baada ya vita na Mexico, Kijerumani na Kirusi katika miaka ya 1940. Fani kamili za kuchagua zilianza tu katika miaka ya 1980. Kabla yake karibu kila mtu alipita njia moja. Kwa miaka mingi sasa lugha zinazofundishwa zimekuwa nane: Kiajemi, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kireno na Kirusi. Ukiisoma orodha hiyo pamoja na ramani, unaona jeshi lilikotazama, kwa hofu au kwa hamu.

Na hapa ndipo walimu wangu watanipinga. Watasema isimu isimtumikie mwenye bunduki. Mfano wanao karibu. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, na ofisa Mwingereza alilazimika kukijifunza. Lakini alijifunza cha kuamrisha, hata wataalamu wakakipa jina, KiKAR. Uganda hadi leo wako wanaosikia Kiswahili wakakumbuka askari. Kwetu Force Publique ilikichukua Kilingala kikawa lugha ya amri, na sisi wa mashariki tulikifahamu kwanza kupitia sare. Lugha iliyofika na amri tu hubaki na harufu ya amri. Nakubali yote hayo.

Lakini niliwahi kuona upande wa pili, yaani askari asiye na lugha. Nilikuwa mtoto, tuko na mama katika gari la abiria, tukasimamishwa kwenye bariere. Askari akauliza kwa Kilingala: “Bato boni?” Alitaka kujua watu ni wangapi, basi. Mama hakujua Kilingala. “Bato” alilielewa, ni “batu” wetu. “Boni” alilisikia kama “mboni”, yaani mbona. Akaona anashutumiwa: hawa watu, mbona? Akaanza kujieleza mbio mbio, tunatoka wapi, nani kafiwa, nani ametutuma. Askari aliyeuliza hesabu akapewa hadithi. Akaona tunaficha kitu. Tulishushwa wote, mizigo ikafunguliwa, tukakaa juani hadi alasiri. Mzee mmoja aliyejua lugha zote mbili ndiye aliyekuja kuinyoosha ile sentensi ya maneno mawili. Hakuna aliyepigwa. Ila bunduki ilikuwa imekwisha shushwa begani, na mama aliitazama.

Tangu nianze isimu nimelifikiria tukio lile mara nyingi kuliko kitabu chochote. Yule askari hakukosa silaha wala ujasiri. Alikosa mazoea ya kufikiri kwamba huenda neno lake limefika vingine. Mazoea hayo hayapatikani kwa kukariri amri arobaini. Yanapatikana kwa kukaa miaka katika lugha ya wengine ukiwa mjinga, ukichekwa, ukisahihishwa na mtoto. Kwa kijana ambaye kila siku anafundishwa kutoa sauti na kutiiwa, sioni fani nyingine itakayompa hilo. Ndiyo maana nilimshauri asichague Kifaransa, ambacho nusu yake anacho tayari. Achague Kiarabu, au Kichina, aanze kwenye sifuri.

Aliniuliza swali moja lililonichoma: “Na Kiswahili, yaya?” Kiswahili hakimo katika zile nane. Lugha aliyonyonya haihesabiki kuwa somo kwake. Nilitaka kuwalaumu Wamarekani, kisha nikajiuliza: kingekuwemo, angesoma kipi? Kitabu kingemfundisha “wanakuja”. Shangazi yake Uvira angemwambia “beko nakuya”, na ofisa aliyepata alama za juu angesimama bariere akiwa hajaelewa kama wanakuja au wamekwisha pita. Kiswahili chetu tunakichambua vizuri katika kazi za mwisho wa masomo, kwa Kifaransa, kisha tunazipanga kabatini. Kozi ya kumfundisha mgeni jinsi watu wa Bukavu, Uvira au Lubumbashi wanavyosema kweli, yenye sauti za watu na mazungumzo ya sokoni, hospitalini na bariere, inaweza kuanzwa na kitivo kama hiki, na wanafunzi tupo. Kama wengine wanaogopa itaangukia mikononi mwa jeshi, waitungie kwanza manesi na mahakimu. Askari ataikuta imekwisha jifunza adabu.

Mdogo wangu bado hajarudisha fomu. Baba mdogo anampigia kila Jumapili baada ya misa, na sasa ameongeza hoja mpya: Kichina sawa, mradi kiwe cha kuuzia madini.